Upande wa Kushoto wa Dada

Jumamosi, 6 Juni
Dada amekubali kutengenezewa sikio! Nimembembeleza tangu mwaka uanze. Leo tumeenda kwa fundi wa viungo bandia. Nilidhani atakuwa na mashine kubwa kama za hospitali — hana. Anataka picha za simu tu, simu hii hii yangu. Nizunguke kichwa cha dada polepole nikipiga, kisha kompyuta yake iziunganishe ziwe picha moja ya 3D, unaigeuza kama unavyogeuza chungu mkononi. Sikio zima la kulia ataligeuza kwenye kompyuta liwe la kushoto, halafu alitengeneze kwa mpira laini wenye rangi ya ngozi yake. Kasema nipige mimi, nyumbani, ili dada atulie. Binti yangu anaolewa Agosti. Tutawahi.

Jumapili, 7 Juni
Dada kakaa kwenye stuli uani, kafungua kitambaa. Tangu mtungi wa gesi umlipukie jikoni hajawahi kukifungua mbele yangu. Au mimi ndiye niliyekuwa natoka akikifungua. Kulia nilipiga vizuri. Kisogoni vizuri. Kufika kushoto nikapiga chapuchapu, nikasema tayari. Akauliza, mara hii? Nikasema simu za siku hizi ni nzuri.

Jumanne, 9 Juni
Fundi kapiga simu. Picha imetoka na shimo. Upande wa kushoto umeyeyuka kama mshumaa, kwa sababu picha za pale ni chache na zimetikisika. Hakukasirika. Kasema tu nirudie, na safari hii nisikimbie nikifika pale. Kajuaje kwamba nilikimbia?

Jumatano, 10 Juni
Nimemwambia dada kwamba mwanga ulikuwa mbaya. Akasema mwanga ulikuwa mzuri. Akafungua kitambaa, akakaa.
Nikajikaza. Nimezunguka taratibu, nimetazama kila kitu. Ngozi imevutana, mahali imepauka, mahali inang'aa. Katikati tundu la sikio bado lipo, dogo, safi. Nikamuuliza kama anasikia upande huo.
Kasema, "Nasikia vizuri tu. Sijawahi kuacha kusikia."
Na mimi miaka yote hii — sijui nilidhani nini. Sikuuliza. Jioni nzima nimekaa nikijaribu kukumbuka nimesema nini upande ule.

Ijumaa, 19 Juni
Picha imekamilika. Kwenye kioo dada hujiona kipande kipande. Leo kajiona mzima. Fundi alimwachia aigeuze mwenyewe kwa kidole: mbele, kisogo, kushoto. Pale kushoto akaivuta karibu, akakaa nayo. Kisha fundi akabofya, sikio jipya likatua mahali pake. Sawasawa kabisa! Machozi yakanitoka. Nikamshika bega nikamwambia, "Umerudi, dada yangu."
Akauliza alikuwa amekwenda wapi.
Fundi akajifanya anatafuta kitu mezani. Dada akamwomba alitoe lile sikio. Alirudishe. Alitoe tena. Neno lile natamani ningelimeza.

Jumamosi, 20 Juni
Tulikuwa tunaanika nguo. Akaniuliza bila hasira, "Lile sikio unanitakia mimi, au unazitakia picha za harusi?"
Nikajibu kwa swali, kwa nini aseme hivyo. Akanirudishia maneno yangu mwenyewe, niliyomwambia mpiga picha kwenye simu: ampige dada upande wa kulia tu, ikishindikana amweke nyuma ya watu warefu. Siku ile dada alikuwa kando yangu akimenya viazi, upande ule umenielekea. Alisikia yote, akaendelea kumenya.
Hapo ndipo nilipopaswa kumwomba radhi. Nikaulizia vibanio.

Jumapili, 21 Juni
Bado sijamwomba.

Jumatatu, 29 Juni
Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya chumba cha fundi. Siku ya kujaribu sikio. Dada kasema ataingia peke yake. Mlango haukufungwa vizuri, nasikia kila kitu. Fundi kamweleza namna ya kulivaa na kulivua, kisha akauliza kama amvalishe.
Halafu dada akaniita. "Mdogo wangu. Usiingie, nijibu huko huko. Nikitoka humu bila hili sikio, harusini nitakaa wapi?"
Jibu nilikuwa nalo. Naapa nilikuwa nalo. Lakini nilichelewa — kidogo tu, kama mtu anayemeza mate — ndipo nikasema, mbele, pamoja na mimi.
Hajasema kitu. Nimesema tena, kwa sauti zaidi: mbele, pamoja na mimi.