Kitambaa cha Kufunika Sanamu

2 Machi

Mwanangu Spana,

Hujambo? Mkeo na wale watatu wanaendeleaje? Mimi mzima, ila miguu inavimba kwa kukaa cherehanini.

Jana Mkuu wa kambi yenu alinijia na dereva na keki. Wanamjengea mdogo wako sanamu langoni. Wamenipa na hotuba niisome: eti mwanangu rubani alipambana na ndege mbili za adui, akatunguliwa huku anatabasamu. Nani alimwona huko juu? Picha ya sanamu nimeonyeshwa. Lina masharubu! Mtoto aliyekufa na miaka ishirini na mbili, kidevu kama yai.

Wanataka nishone kitambaa cha kulifunika, kisha siku hiyo nivute kamba. "Itapendeza, mama, kwa vile wewe ni fundi nguo," Mkuu akasema.

Wewe ndiye fundi wa ndege yake. Wewe ndiye uliyemfunga mkanda siku ile. Mazishini ulikwepa macho yangu. Niambie.

Mama yako


20 Mei

Shikamoo Mama,

Sisi hatujambo, pole na miguu. Barua yako imekaa zaidi ya miezi miwili ndani ya sanduku langu la vifaa. Kila nikilifungua naiona.

Hakukuwa na adui. Wageni wakubwa walikuwa wanakula chakula cha mchana kando ya uwanja, na Mkuu aliwaahidi ndege tatu zitapita juu yao. Nzima zilikuwa mbili. Ile ya mdogo wangu nilikuwa nimeiandikia kwenye kitabu chake cha matengenezo kwa wino mwekundu: "Kipimo cha mafuta kinadanganya. Isiruke." Mkuu aliukata mstari huo, akatia sahihi. "Dakika kumi tu, Spana. Acha uchuro."

Mdogo wangu aliusoma. Akasema, "Nikikataa wataniita mwoga." Nikamfunga mkanda.

Injini ilizimika akiwa anarudi, akaanguka nyuma ya uzio. Wageni waliona moshi, wakaambiwa ni mazoezi. Wakaendelea kula, Mama. Nilipita pale mbio, mmoja akanidhania mhudumu, akaniomba chumvi.

Usinitaje. Nyumba tunayokaa ni ya kambi. Barua hii ichome.

Mwanao, Spana


11 Juni

Mwanangu,

Salamu kwa wote nyumbani. Nimesoma, nikatapikia ndoo ya mabaki ya vitambaa. Ile keki niliila, unajua? Nikaisifia.

Barua nimeichoma. Kitambaa nitashona. Jina lako halitatoka kinywani mwangu.

Mama yako


4 Julai

Shikamoo Mama,

Natumaini walikufikisha nyumbani salama. Walikuondoa haraka pale kwenye sanamu, kwa hiyo mengine hukuyaona.

Nilikuwa kwenye mstari wa mafundi, jua utosini. Uliposema mkono unauma, Mkuu avute kamba mwenyewe, nilidhani ni uzee. Akavuta kwa mbwembwe. Kumbe ulishona vitambaa viwili! Cha juu kikaanguka, cha chini kikabaki kimeshikizwa shingoni mwa sanamu, na herufi nyekundu ndefu kama mkono: KIPIMO CHA MAFUTA KINADANGANYA. ISIRUKE. Chini yake, tarehe aliyokufa. Bendi iliendelea kupiga, maana hakuna aliyeiambia inyamaze. Walijaribu kukikata, mishono yako ikashinda visu vitatu.

Baadaye Mkuu alitupanga karakanani. "Nani kampa yule mama maneno haya?" Akapita mbele ya kila mmoja wetu. "Sawa. Nitamkamata mama huyo, atataja akiwa ndani."

Nikatoka mstarini. Nikamwambia, "Mwandiko ni wangu, sahihi ni yako. Kitabu kiko wapi?" Aliangalia viatu vyake, vilivyong'arishwa na mtu mwingine.

Nakuandikia nikiwa mahabusu ya kambi. Mke wangu na watoto wamepewa hadi Ijumaa watoke kwenye nyumba. Nimewaelekeza kwako.

Wape shati waniletee, hili linanuka. Shingo ni kumi na tano na nusu. Nembo ya kambi usitie.

Mwanao, Spana