Kifurushi Chenye Jina Lako

Baba yangu,

Kuna kifurushi hapa mezani. Kina jina lako, na ninaogopa kukifungua.

Unakumbuka ulivyonipeleka River Road kununua balbu? Ulikuwa ukininyanyua nikae juu ya kaunta. Muuzaji akianza kuifunga kwa gazeti ulimzuia. "Wacha kwanza niione ikiwaka." Akaichomeka kwenye soketi ya kujaribia, ikawaka, ndipo ukatoa pesa. Na jirani yetu alipouziwa simu mjini, akafika nyumbani akakuta kipande cha sabuni ndani ya kasha, ulicheka hadi ukakohoa. Kisha ukanigeukia, kicheko kimekwisha. "Wewe usiwahi kulipia kitu hujakishika."

Baba, nimelipia.

Masikio ya Mama yamezidi kufa tangu ulipotuacha. Juzi alikuwa akivuka Ngong Road, gari likampigia honi, hakugeuka. Dereva aliingia mtaroni ili asimgonge. Kifaa cha kusikia alichoandikiwa hospitalini hatukukiweza kwa bei. Dada Njeri akapiga simu kutoka Uingereza: vipo kwenye mtandao, bei nafuu, kadi atatoa yeye, mimi nimrudishie pesa.

"Na kikifika kibovu?"

"Unarudisha. Huku watu wanaagiza hata viatu bila kuvijaribu."

"Huko ni huko, Njeri."

"Wewe ni Baba kabisa. Utataka Ulaya nzima ikuwashie balbu!"

Nikaenda saiba ya Hurlingham, kwenye kompyuta za kulipia, kujaza fomu ya kuagiza. Walitaka jina na adiresi. Huko kwa kina Njeri kifurushi huachwa mlangoni, na kinakutwa. Kwetu mtaani Jamhuri hakuna barua iliyowahi kufika mlangoni. Hata matokeo ya mtihani wangu yalipitia sanduku lako la posta. Mkono wangu uliandika jina lako na nambari ya sanduku kabla sijafikiri. Nilipotambua, nilikuwa nimeshabonyeza.

Kila siku baada ya kazi nilifungua sanduku kwa ufunguo wako. Tupu. Wiki ya sita niliacha kula vizuri. Nilimwona Mama barabarani kila nilipofumba macho, na kila mara mkononi mwangu kulikuwa na sabuni.

Leo nimekuta karatasi ya kuchukulia mzigo. Karani wa posta akaisoma.

"Mwenye jina ako wapi? Akuje na kitambulisho."

"Alifariki mwaka jana."

"Na bado anaagiza vitu ng'ambo?"

Foleni nzima ilicheka. Nilirudi Jamhuri, nikaleta cheti chako cha kifo na cheti changu cha kuzaliwa. Karani aliviweka pamoja, akalinganisha majina, akanisogezea daftari. "Weka sahihi hapa, dadangu. Pole."

Sasa nimekitikisa. Ni chepesi mno. Mama amekaa mbele yangu, anatazama midomo yangu kana kwamba nitasema kitu. Ngoja.

Nimerudi, Baba. Si sabuni. Nilikiweka sikioni mwake, nikasimama nyuma yake, nikamwita. Hakugeuka. Nikainama kukikagua sikioni mwake. Kisha nikaona kitufe kidogo pembeni: sikuwa nimekiwasha. Mimi, niliyelelewa juu ya kaunta ya balbu! Nikakiwasha, nikamwita tena kwa sauti ile tuliyozoea kumwitia.

"Mbona unanipigia kelele?" akasema.

Tangu hapo anazunguka nyumba akisikiliza bomba, saa ya ukutani, mvua kwenye mabati ya jirani. Nami hofu haijaniacha, imehama tu. Mwaka mzima nimekulilia chumbani kwa sauti, mlango wazi, kwa sababu sikuwa na wa kunisikia. Ninavyoandika haya chumbani nimefunga mlango, napumua taratibu, nimeziba mdomo kwa shuka.

Amebisha mlango sasa hivi. "Unalia nini?"

Amenisikia, Baba. Naenda kumfungulia.

Pumzika. Jina lako sitaliandika tena kwenye fomu yoyote.

Ni mimi, mtoto wako wa mwisho.