Fomu ya Baba iko Chini ya Birika

Shikamoo Mama,

Mbaazi zimeiva, na mahamri nimeyafunika. Baba akirudi kutoka Kilindini mpakulie kwanza, kwani aliondoka bila kunywa chai, na kosa ni langu. Nilikuwa nikimjazia fomu ya utafiti wangu wa chuo kuhusu ujira mdogo, nikamwandika "maskini". Akasema kwa upole, "Kidogo ni ujira, mwanangu, si mimi. Mimi napakua meli."

~~Mwambie nilisema kweli.~~ Mwambie namwonea fahari. Neno lile nimelifuta. Nawe unayepinda leso Biashara Street kutwa nzima, nimekuandika "fundi", usibishe. Kwenye fomu ya Baba, nafasi ya kazi nimeiacha wazi. Naomba aijaze kwa mkono wake.

Binti yenu,
Dama