Funguo Ambazo Ndugu Zako Hawakukomboa

Mtani wangu Kanisius,

Marahaba. Najua hujaniamkia, na najua wewe ndiye mkubwa, lakini kwa sasa aliyelala ni wewe na aliyesimama ni mimi, kwa hiyo shikamoo yako nimeichukua bila kupewa. Ukitaka kuidai, inuka.

Nimekaa juu ya tairi bovu kwenye gereji ya Fundi Saidi, hapa Bombambili, Songea, nakuandikia kwa kalamu ya kuazima. Ni Ijumaa mchana. Fundi ameenda kuswali, na jipu lako liko juu ya magogo, tumbo wazi. Gia boksi. Ndiyo, safari hii ni gia boksi. Kabla yake ilikuwa pampu ya dizeli, kabla ya pampu rejeta, na katikati kuna vitu vidogo vidogo ambavyo hata majina yake nimeyajua kwa kuvilipia.

Nataka ulisikie hili kwangu kabla hujalisikia kwa wengine. Sijaliuza, na siliuzi.

Unakumbuka ule mlima wa Lizaboni? Mimi natoka ghalani, mgongo umekufa kwa magunia ya mahindi, sina hamu ya kuongea na mtu. Jipu limezima katikati ya barabara, wewe umetoa kichwa dirishani unatafuta watu wa kulisukuma. Ukaniuliza kabila kabla ya jina. Nikasema Msukuma. Ulicheka mpaka ukashika mlango.

"Basi kazi imekufuata na jina lake," ukasema. "Sukuma."

Nikakujibu kwamba Wangoni mmekimbia tangu huko kusini mlikotoka, ajabu leo kumwona mmoja amekwama. Ukashuka garini kunipa mkono. Nilikuwa nimekuja huku kutoka Maswa nikichunga ng'ombe wa mjomba. Mjomba akauza ng'ombe, akarudi, mimi nikabaki bila ng'ombe na bila nauli. Sikuwa na mtu katika mji huu. Kuanzia ule mlima nikawa na mtu.

Msukuma na Mngoni ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo ulikuwa na haki ya kunitukana, nami ya kukutukana, na asiwepo wa kununa. Uliitumia haki hiyo bila huruma. Ukaniita mla michembe, vile viazi vyetu vya kukausha. Nikakuita mla panya. Mkeo, Mama Odilia, alikuwa anatutengea sahani mbali mbali, eti tusije tukaumana. Sasa ngoja nikwambie kitu. Tangu uondoke, nikitukanwa hapa mjini, nimetukanwa kweli. Sikujua jambo kama hilo linaweza kumtoa mtu machozi akiwa na gunia begani. Linaweza. Nilimwambia msimamizi ni vumbi la pumba.

Na hili gari lako. Ulilinunua mnadani, gari la juu, kubwa, la ofisi iliyolichoka, ukarudi nalo ukipiga honi mtaa mzima. Ukatangaza kwamba umenunua jipu. Majirani walipoona moshi wake wakasema ni kweli umenunua jipu, tena limeota pabaya, hutakaa wala hutalala. Ukacheka kuliko wao. Ulikuwa unatoka kwa Fundi Saidi na mikono ya grisi kama mtu anayetoka harusini.

Siku ya msiba wako nilifanya kazi yangu ya utani sawasawa. Nilivaa koti lako, nikatembea kama wewe, tumbo mbele, nikiwadai waombolezaji shikamoo. Nikalala mlangoni kuzuia jeneza. Halafu nikachukua funguo za jipu pale zilipokuwa zinaning'inia ukutani, nikasema huyu hazikwi mpaka zikombolewe kwa jogoo mmoja na ndoo ya pombe ya ulanzi. Ndivyo ilivyo desturi. Mtani anakamata kitu cha marehemu, ndugu wanatoa chochote kidogo, kitu kinarudi, watu wanacheka katikati ya kilio, msiba unasogea.

Ndipo mdogo wako Betram aliposimama na suti yake ya dukani kwake, akasema mbele ya watu wote, "Funguo kaa nazo, mtani. Ukikaa nazo sisi ndio tutakuwa tumekombolewa."

Watu walicheka mpaka wazee wakashika fimbo zao. Mama Odilia alicheka ndani ya khanga, ndicho kicheko chake pekee siku ile. Nilicheka na mimi. Nikapisha mlangoni, ukapita.

Baada ya matanga nikazipeleka funguo. Betram akakataa kuzipokea. Akasema kitu kisichokombolewa ni cha mtani, desturi ndiyo hiyo, na wazee wasimame waseme kama anasema uongo. Wazee wakatazamana, wakasema hasemi uongo. Mama Odilia akasema yeye hana neno. Akaongeza, "Lichukue, mtani, likufundishe Kingoni." Hivyo ndivyo mbeba magunia wa darasa la tano alivyopata gari la juu. Kwa mzaha ambao hakuna aliyeulipia.

Sasa nikueleze uliloniachia.

Rejeta ndiyo ilianza. Lilichemka kabla hata sijafika mwisho wa mtaa. Rejeta ikala bati nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya nyumba ya kwetu. Nikashukuru, nikadhani tumemaliza. Pampu ikala godoro na redio. Bushi zikaisha, nikaweka mpya, mpya zikaisha kabla ya zile za zamani nilizokuwa sijazibadilisha. Ukiziba uvujaji wa oili upande huu unaamka upande wa pili, kama panya wenu. Fundi Saidi aliinuka siku moja kutoka chini yake, akajifuta uso, akasema, "Masunga, wallahi gari hili halina ugonjwa. Lina ukoo wa magonjwa." Akanishauri kwa upole nilikatie tamaa, nimwite mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikamwambia afunge nati.

Ghalani walinicheka. Wananiona nabeba magunia wiki nzima, Jumamosi napeleka mshahara chini ya gari. Wakaniita Bosi. Mimi nawaambia ndiyo, mniite Bosi, na mkiniona napita msiombe lifti.

Na likatembea, Kanisius. Lilitembea. Nikaanza kwenda nalo vijiji vya Namtumbo kuchukua mizigo, na mzigo wa kwanza ulikuwa mahindi ya mkeo kutoka shamba lenu. Zamani alikuwa anawaachia walanguzi shambani kwa bei wanayotaka wao, kwa sababu hana gari zima la kuyatoa. Msimu huu ameuza sokoni mwenyewe, amesimama mbele ya magunia yake, amefunga khanga kiunoni, anawakatalia watu. Ungemwona. Tukakubaliana kinachopatikana tunagawana. Mgongo wangu ukaanza kunisahau. Nikalala usingizi wa kunyooka.

Betram akasikia kwamba jipu linaleta mahindi mjini.

Alikuja Jumapili baada ya misa, suruali nyeupe, wazee wawili nyuma yake, jogoo kwapani, ndoo ya ulanzi kichwani kwa dereva wa bodaboda. Akanisalimu vizuri kuliko siku zote. Akasema wamekuja kukomboa funguo za marehemu, kwamba utani hauna mwisho wa tarehe, na kwamba niliyoyataja siku ya msiba ndiyo haya, hakuna kilichopungua. Wazee wakatazama chini. Walijua. Lakini desturi ni desturi, na walikuwa hawana pa kuikamata.

Nilimshika yule jogoo, nikampima kwa mkono. Nikauliza, "Huyu ni wa funguo. Wa rejeta yuko wapi? Na pampu mtaikombolea nini, bata?"

Mzee mmoja akakohoa ili asicheke. Betram hakucheka. Akasema mimi ni mgeni, nisiwafundishe Wangoni mambo yao. Hapo nikaona kwamba utani umetoka mezani. Nikamwambia funguo sikuzitoa mfukoni mwake. Nilizitoa ukutani kwa Mama Odilia, na mwenye ukuta ndiye wa kuulizwa. Twendeni.

Tukapanda sote. Jipu likakataa kuwaka. Betri. Siku ile, mtani, Wangoni walisukuma. Wazee wawili na suruali nyeupe, kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye mteremko, na mimi Msukuma nimekaa kwenye usukani nimeshika jogoo. Nilitamani uone. Nilitamani mpaka nikauma midomo.

Mama Odilia alitukaribisha, akawapa wazee viti, akamsikiliza shemeji yake mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema hivi, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Shemeji, siku ya msiba kuku walikuwepo bandani na ulanzi ulikuwepo. Mdomo nao ulikuwepo. Mkachagua kutoa mdomo. Leo si msiba. Jogoo wa leo ni kitoweo."

Akamchukua jogoo mkononi mwangu, akaingia naye jikoni. Wazee walicheka, wakaufungua ulanzi, ikawa imekwisha. Betram akataja kadi ya gari yenye jina lako na ofisi atakazokwenda. Mkeo akamjibu kutoka jikoni kwamba msimamizi wa mirathi ni yeye, aende na salamu zake. Tulikula wote. Betram alikula paja.

Ningekuwa mwongo ningeishia hapo.

Safari iliyofuata, gia boksi ilivunjika tukiwa njiani kurudi kutoka Namtumbo, na magunia ya mkeo nyuma. Ilitoa sauti ya kusaga mawe, halafu ikanyamaza. Tulilikokota mpaka hapa. Betram akapita gerejini na bodaboda, akalitazama likiwa wazi, akaniambia sasa anamdai jogoo wake. Kisha akatuma neno kwa mkeo kwamba ana mtu wa vyuma chakavu yuko tayari, na kwamba kuendelea kulitengeneza ni kumwaga maji kwenye mchanga. Mbaya ni kwamba safari hii alikuwa na akili. Bei ya gia boksi ni ya kukalisha mtu chini, na hiyo ni ya mtumba.

Mama Odilia alikuja hapa juzi. Alisimama pale karibu na boneti, akaigusa, akasema taratibu, "Mtani, ukichoka usione haya. Kanisius mwenyewe alikuwa amelichoka. Alikuwa anarudi ananiambia kesho analiuza."

Nilikuwa nakujua kwa kicheko tu, na grisi, na honi. Kwangu hukuwahi kusema umechoka. Ulikwenda kumwambia mkeo, kwangu ukaja na matusi. Kwa nini? Ningekusaidia kuchoka. Hata hilo tungeligawana.

Nilikukasirikia usiku na mchana, nakwambia ukweli. Halafu hasira ikageuka. Kwa sababu kila ulipomwambia unaliuza kesho, kesho ilifika, na kesho hiyo ulikuwa ndani ya gari. Ulilichoka na ukaliwasha. Basi na mimi nimelichoka. Nimelichoka mpaka kwenye mifupa, Kanisius, naliota, harufu ya dizeli imeingia kwenye ugali wangu. Na sioni kwamba uchovu ni sababu ya kumpa Betram kicheko cha pili.

Nilikuwa na akiba ya nauli ya kwenda Maswa kumwona mama. Ndiyo fedha pekee iliyokuwa imebaki. Nikampigia simu, nikamweleza yote, nikijua atalia. Mayu wangu hajawahi kuona Songea, lakini maisha yake yote ameona ng'ombe. Akaniuliza, "Linakula, nimesikia. Linazaa?" Nikasema linazaa, mayu, msimu huu limezaa. Akasema, "Basi lilishe." Kisha akaniuliza kama nakula, tukaagana. Alipokata nilikaa na ile simu sikioni kama mjinga.

Gia boksi iko hapa mbele yangu, juu ya gunia. Nimeilipia jana kwa ile nauli. Mama Odilia ameleta nusu yake ambayo sikumwomba, akasema nisibishane na mwenye ukuta. Na wiki ijayo tunakwenda pamoja kubadilisha ile kadi, iandikwe jina lake. Nimetaka mwenyewe. Funguo zitaendelea kukaa kwangu, gari lisomeke kwake, na atakayelitaka atupitie sote wawili.

Fundi Saidi amerudi msikitini. Amebadili kanzu, amevaa ovaroli, ananiita nikainue gia boksi, maana anasema gereji yake haina winchi ila mgongo wangu. Naacha kalamu.

Sikuombei upumzike sana, ungeboreka. Nakuaga tu, ndugu yangu, vizuri, kama ambavyo sikuweza siku ile kwa ajili ya kuchekesha watu. Kesho asubuhi yapo magunia ya mkeo yananingoja Namtumbo, na walanguzi wamekwisha fika shambani wanayazunguka. Nakuahidi hawatayapata. Yatakuja mjini kwa gari hili hili. Likizima nitalifungua barabarani, nilifunge, liwake, na likizima tena nitalifungua tena, na kila nati nitakayoigeuza nitakutukana kwa jina lako kamili.

Kwa heri, Mngoni.

Mtani wako,
Masunga