Katsuva Wetu, na Mkia wa Ndege Iliyokuua

Mwaka umezunguka, Katsuva, tangu asubuhi ile ndege ya mizigo ilipokuinua kutoka kiwanja cha Bunia na kukuangusha katika shamba la mihogo ng'ambo ya mto Shari. Nyumba yako ya mtaa wa Bigo iko palepale. Watoto wamerefuka. Hasira yetu haijapoa, na hatuji leo kukudanganya kwamba imepoa.

Watasoma haya hata wasiokujua, kwa hiyo tuwaambie ulikuwa nani. Ulitoka Butembo ukiwa kijana, wewe na mama yako, ukaja Bunia kuuza vitenge. Baadaye ukaanza kupeleka bidhaa kwenye miji ya dhahabu, na ukazipeleka kwa ndege, kwa sababu barabara ilikuwa ya wenye bunduki. Kule machimboni Wakristo walikungoja na Waislamu walikungoja, maana ulibeba zaidi ya bidhaa: sabuni aliyotumiwa huyu na mama yake, dawa ya kifua ya yule. Mwezi wa Ramadhani ulizunguka mji mzima kuwatafutia Waislamu tende, wewe mwimba besi wa kanisani.

Uliimba vibaya, Katsuva. Kwaya nzima ilijua, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukuambia.

Ulitia tangawizi nyingi katika chai hata watoto wakakohoa. Mlango wako haukufungwa saa ya kula. Kuna safari ulimwachia mama mjamzito nafasi yako ndegeni, ukabaki machimboni hadi ndege nyingine ilipokuja, ukarudi umekonda na unacheka.

Mama yako, Kavira Alphonsine, alikuwa amekwisha kupoteza mtu angani. Baba yako, muuguzi, alipanda ndege ya jeshi iliyokwenda kuchukua majeruhi, ikagonga mlima. Ofisa mmoja alikuja nyumbani, akavua kofia, akasema, "Mungu amependa." Mama alimpa kiti, akampa maji ya kunywa, akanyamaza. Kimya kile kilimkaa kooni miaka yote. Na si yeye peke yake. Wazee wa Ituri wanataja ndege zilizoanguka kama wengine wanavyotaja ukoo: ile ya jeshi, ile ya mizigo, ile iliyoteleza nje ya kiwanja, ile iliyoingia msituni isionekane tena. Zote zilizikwa kwa maneno yaleyale. Ukungu. Upepo. Mungu.

Yako haikuangushwa na ukungu. Mdogo wako Fiston alikuwa akipakia mizigo asubuhi ile, na alisikia kwa masikio yake. Rubani alimwambia mwenye ndege, Roger, kwamba injini ya kushoto inavuja mafuta, isiruke. Roger hakuondoa hata simu sikioni. "Jana iliruka," akasema. "Na leo itaruka. Kama weye unaogopa, iko marubani wengine." Rubani alikuwa na watoto wa kulisha. Akapanda. Wewe ulikuwa umekwisha kuketi juu ya magunia ya maharage kama abiria wote, bila mkanda, ukampungia Fiston mkono.

Jioni ileile Roger alisema redioni kwamba abiria ndio walioficha mizigo ya kuzidi, "hasa mchuuzi mmoja anaitwa Katsuva." Mwili wako ulikuwa haujaoshwa.

Kisha akatuma ng'ombe kwenye matanga. Mke wako, Clémence, mama wa binti yako Jemima, alikuwa ameketi mkekani, kitambaa cheusi kichwani. Alimtazama ng'ombe yule akifungwa uani, akauliza ni wa nani. Akaambiwa. Akasimama. Mama yako akamshika mkono, na sisi sote tulidhani anamkalisha. Lakini mama alisema kwa sauti iliyofika barabarani:

"Mama Jemima, miye nilinyamaza. Niliwapa maji watu waliomuua bwana yangu. Weye usinyamaze."

Clémence akafungua kamba mwenyewe. Akamkokota ng'ombe yule kutoka Bigo, miguu peku, waombolezaji wakimfuata, mpaka kwa Roger. Akamfunga langoni. Mlinzi akatoka mbio kuuliza kuna nini.

"Ambia patroni yako," Clémence akamwambia, "siye hatuli nyama ya kutuziba kinywa."

Hapo ndipo mke wako alipoanza kuwa mtu tusiyemjua. Alipeleka mashtaka, kesi ikalala. Avoka, wakili wetu, akasema tungoje, tukangoja. Roger alikuwa amebaki na ndege moja, pacha wa ile iliyokuua. Siku moja Clémence alikuwa akianika nguo, akaisikia juu ya Bigo, akainua kichwa. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe. Kampuni iliyoitwa Tai wa Semliki sasa iliitwa Njiwa wa Amani. Shuka likamponyoka likaanguka topeni, naye hakuliokota.

"Amejibatiza," akasema.

Halafu Fiston akaja na habari kwamba Roger ameuza mabaki ya ndege yako kwa wafua masufuria wa Shari. Clémence hakungoja kumaliza kumsikiliza. Alipofika kwenye tanuru alikuta mabawa yamekwisha kukatwa na kuyeyushwa. Mkia tu ndio ulibaki mzima, umeegemezwa ukutani, mrefu kuliko mlango, na jina lingali juu yake kwa rangi nyekundu: Tai wa Semliki. Akauwekea kiganja. Mwenye tanuru, muzee Kambale, aliona kile kitambaa cheusi.

"Ulikuwa na mutu mule ndani, mama?"

"Bwana yangu."

Muzee akawaambia watu wake waache kupuliza moto. "Beba," akasema. "Masufuria ya hii ndege nimekwisha kuuza. Sikuuliza chuma inatoka wapi. Weye beba."

Clémence alitaka kuusimika mahali ambapo kila msafiri angeuona, na mahali pale palikuwa kiwanja cha nyumba ya Aimée, mjane wa rubani, kando ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Tangu ajali wanawake hawa wawili walikuwa hawajasalimiana. Clémence alikuwa na kinyongo na rubani, tusifiche, kwa sababu alijua ndege ni mgonjwa na bado akairusha. Alisimama mlangoni pa Aimée, mkokoteni nyuma yake. Aimée alitoka, akautazama mkia, akarudi ndani. Tukasema basi, ametufukuza. Akatoka na sululu.

"Chimba hapa," akasema. "Na miye bwana yangu walimutupia makosa."

Waliusimika kwa saruji, jina likitazama barabara. Chini yake Clémence akaandika kwa brashi: NDEGE HII ILIUA WATU. MWENYEWE ANARUSHA INGINE. JINA NI MUPYA, MUTU NI ULE ULE.

Wenye pikipiki walipunguza mwendo. Wasafiri waliuliza, wakajibiwa. Wengine waligeuza hapohapo, mabegi magotini. Roger akatuma polisi kuuliza kibali cha kusimika chuma kando ya barabara. Aimée alikuwa akifagia. "Hii parseli ni yangu," akawajibu, akionyesha kiwanja chake. "Nimepanda muti. Ni muti ya chuma." Polisi mmoja alikuwa na ndugu aliyekufa pamoja nawe. Hawakurudi.

Mwishowe Roger alikuja mwenyewe, Jumapili baada ya ibada, barabara imejaa watu, mchungaji kando yake. Clémence alikuwa ameketi chini ya mkia, ungo mapajani, akichambua maharage. Hakuinuka.

"Mama Jemima," Roger akaanza, "tuko wote watu wa Mungu. Hata miye nilipoteza. Nilipoteza ndege."

"Ulipoteza ndege," Clémence akarudia, kama anayeonja kitu kilichochacha.

Mchungaji akasema msamaha ni dawa ya anayesamehe.

"Muchungaji, nitasamehe leo. Hapa hapa. Hii chuma nitaiangusha na mikono yangu." Watu wakasogea. Aliweka ungo chini. "Ndege yake inaruka kesho asubuyi kwenda machimboni. Apande. Yeye, na bibi yake, na watoto yake. Wakae juu ya magunia, bila mukanda, vile Katsuva alikaa. Wakirudi wazima, nitamupigia magoti mbele ya hii watu yote, nimuombe radhi."

Roger alicheka kidogo, akageuka huku na huku akitafuta wa kucheka naye.

"Watoto yangu wako na masomo, mama."

"Ni likizo, patroni," mtu akasema nyuma.

Roger alitazama uwanja wa ndege, ambako mkia mweupe wa ndege yake ulionekana juu ya uzio, akatazama ule uliosimama mbele yake, mapacha wawili, mmoja hai na mmoja maiti. Ndipo akasema neno lililommaliza.

"Miye na familia yangu tunapandaka ndege kubwa. Hizi ni za mizigo."

Hapakuwa na haja ya kumjibu, lakini Clémence alijibu. Aliinuka, akawageukia watu. "Mumesikia? Siye ni mizigo."

Neno lile lilimtangulia Roger kufika mjini. Kesho yake ndege nyeupe ilikaa na mlango wazi mpaka jua likawa kali, na hakuna aliyepanda. Wachuuzi walishusha magunia yao. Rubani mpya akaomba ruhusa akaondoka moja kwa moja. Majani yakaota kwenye magurudumu. Muda si muda Roger akafunga nyumba, akahama asiombewe heri na mtu.

Clémence alicheka siku ile Roger alipohama, Katsuva. Alicheka mpaka binti yako Jemima akaogopa, akamshika mdogo wake Divine wakaenda kukaa kwa nyanya yao. Na tukuambie lililo baya: Fiston alipoteza kazi, wapakiaji wenzake pia, na wapo wasiotusalimia. Kule machimboni dawa zilichelewa, na walioumia ni walewale uliowapenda. Tunajua. Clémence anajua kuliko sisi sote, na ukimuuliza kama angefanya tena, anakutazama mpaka unaona haya kuuliza. Mama yako yeye hana mashaka. Anasema usingizi anaolala sasa ndio usingizi.

Wiki iliyopita tumepata habari kutoka Isiro. Roger amefungua tena kule. Amepata ndege nyingine kuukuu, na jina la tatu. Clémence alimsikiliza mleta habari mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Barabara ya Isiro, lori inapita?"

Inapita, kwa taabu. Kwa hiyo leo, tukitoka kwenye ibada ya kukuombea, mkia umekwisha kung'olewa na kufungwa kwa kamba juu ya lori la mbao. Clémence na Aimée wamepanda mbele, na chakula cha njiani kwenye kitambaa. Tuliwasihi wangoje mvua ipungue. Walicheka, wote wawili.

Wanaokukumbuka: mama yako Kavira Alphonsine, mke wako Clémence, aliye njiani, binti zako Jemima na Divine, mdogo wako Fiston, Aimée na wanawe, ambao sasa ni ukoo wetu, na familia yote ya Bigo na ya Butembo.

Lala, Katsuva. Kukusahau hatuwezi, na Roger hatumwachi asahau.