Nimepanga Kutembea Vileleni Mwezi wa Mizuka, na Ah Ma Anadhani Naenda Maktaba

Mpendwa Shangazi Geok,

Naomba msaada wako, na kabla sijaeleza shida yenyewe inanipasa nikiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata rafiki yangu wa karibu: mimi ni katibu wa klabu ya sayansi ya shule yetu, nina miaka kumi na sita, na kila mwaka bibi yangu, Ah Ma, hunipeleka hekaluni kumwita Guan Yin mama. Nilizaliwa dhaifu, na mtabiri mmoja alimwambia Ah Ma kwamba saa yangu ya kuzaliwa ni nyepesi, kwamba mtoto kama mimi hupeperushwa na kitu kidogo tu, basi Ah Ma akanipeleka kwa mungu huyo wa kike ili anipokee kama binti wa kulea, na hadi leo nina uzi mwekundu mguuni ambao nikiwa shuleni naufunika kwa soksi. Sijui kama naamini. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, Shangazi, kwamba sijui.

Nina rafiki ambaye nitamwita Thamarai, ingawa si jina lake. Likizo ya Septemba ikiisha, familia yao inahamia Melbourne. Tangu kidato cha kwanza tumekuwa tukisema kwamba siku moja tutavuka lile daraja la kuning'inia katika msitu wa MacRitchie, lile linalopita juu kabisa kwenye vilele vya miti, na tumelisema hilo tukiwa kwenye treni, tukiwa kwenye foleni ya wali wa kuku, tukiwa tumebakizwa darasani kwa adhabu, lakini hatujawahi kwenda, kwa sababu mimi ni mtu wa kusoma habari za mahali kuliko kufika. Kwetu Toa Payoh tunakaa ghorofa ya kumi na moja, na dirisha la jikoni linautazama msitu huo, nami huutazama kila nikiosha vyombo, na ajabu ni kwamba uko karibu kuliko shule yangu.

Basi nikapanga. Nilisoma kila kitu nilichoweza kukipata, kwamba Jumatatu daraja hufungwa, kwamba watu huvuka kwa upande mmoja tu na ukishaingia huruhusiwi kurudi nyuma, kwamba tumbili wakiona mfuko wa plastiki wanajua ni chakula, kwamba ngurumo hupenda kuja alasiri na mtu mwenye busara awe ameshatoka chini ya miti. Nikachora ramani yenye rangi tatu, nikawaonyesha Thamarai na Irfan, mwenzetu wa klabu ambaye angefuatana nasi.

Irfan akaigeuza geuza. "Katibu, hapa umeandika mahali pa kunywa maji, hapa mahali pa kupumzika. Mahali pa kufia je?"

"Acha hizo wewe," Thamarai akamwambia.

"Nauliza tu! Halafu Jumamosi hii, si ndiyo mwezi wenu wa mizuka? Mzee Koh jirani yetu anawachomea wafu karatasi pale chini tangu juzi, moshi wote unaingia chumbani kwangu. Nyinyi si hamwendi porini mwezi huu?"

Shangazi, nilikuwa nimekagua mvua, tumbili, treni na vyoo, lakini sikuikagua kalenda ya kuchana iliyotundikwa kando ya friji yetu, ambayo Ah Ma huichana ukurasa kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Siku niliyoichagua ni tarehe kumi na tano ya mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, mwezi ambao wafu huachiwa watembee, siku yenyewe ya sikukuu yao, siku ambayo Ah Ma hakubali hata soksi ibaki imeanikwa nje jua likizama. Badala ya kusema jamani nimekosea, nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, "Hayo ni mambo ya wazee."

Irfan akapiga makofi. "Msikie Profesa!"

Na Thamarai akanishika mkono, akasema, "Ndiyo maana nakupenda wewe, kichwa chako kimetulia. Nyumbani kwetu mama hata safari ya Melbourne anaipangia saa ya heri."

Baada ya kusifiwa hivyo ningerudi vipi nyuma?

Jioni ile Ah Ma akaniuliza Jumamosi nina mpango gani, na mdomo wangu ukajibu wenyewe, "Maktaba, na wenzangu." Akafurahi sana. "Vizuri. Maktaba ina paa, ina watu, ina taa. Mwezi huu usikaribie maji, usikaribie miti mikubwa, na ukiitwa kwa nyuma usigeuke, sawa? Wewe ni mwepesi." Kisha akatoka nje kwenye ujia, nikamsikia anamwambia jirani, "Wajukuu wa watu wanazurura, wangu anakwenda maktaba. Na huyu hajui kudanganya, uso wake haujui." Nilikuwa nyuma ya mlango, Shangazi. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Sasa nimechanganyikiwa kabisa. Nikiwa na Thamarai namwonea aibu Ah Ma, na nikiwa na Ah Ma najionea aibu mimi mwenyewe. Nikienda na nisipatwe na lolote, nitakuwa nimemdanganya aliyenilea, maana wazazi wangu wote wawili wanafanya kazi za zamu na tangu nikiwa mchanga ni yeye tu. Nikienda nikateguka mguu, ataamini hadi kufa kwake kwamba mizuka, wale tunaowaita ndugu wema, wamenichukua kwa sababu yeye hakunilinda, na pengine hata mimi nitaamini, halafu nitaingiaje kwenye klabu ya sayansi? Nisipoenda, Thamarai ataondoka akidhani sikutaka kumuaga, na kuahirisha hadi mwezi uishe haiwezekani kwa sababu ataondoka kabla haujaisha. Nimefikiria nijifanye mgonjwa. Nimefikiria pia niende kimya kimya, niombe msamaha hekaluni baadaye. Kila jambo nikilifikiria jioni naliona sawa, na asubuhi naliona vibaya. Nifanyeje?

Ni mimi,
Nisiyejua Nisimame Wapi, Toa Payoh

*

Shangazi Geok anajibu:

Mwanangu, pole. Barua yako niliisoma huku nakunywa kahawa, na kahawa ikapoa, kwa hiyo nisamehe nikikufinya kidogo.

Kwanza, umezunguka sana ili nikuambie kama mizuka ipo au haipo, kisha jibu langu likuamulie. Sikuambii. Nina miaka zaidi ya sitini, na nikikuta majivu ya karatasi zilizochomwa njiani nayakwepa nisiyakanyage, na bado bima ya afya nimekata. Watu wazima wengi wa mji huu ndivyo walivyo, wakiwemo walimu wako. Kutojua si ugonjwa. Ugonjwa wako ni kwamba umepanga safari ya msituni kama jemadari, halafu ukapanga uongo kama mtoto wa chekechea. Utarudi na matope hadi magotini. Utamwambia Ah Ma ni matope ya rafu gani ya vitabu?

Ati ujifanye mgonjwa! Kwa mwanamke aliyekubeba hadi hekaluni kwa sababu ulikuwa mgonjwa kweli? Ona haya, mtoto.

Tena huyo rafiki yako: umemnukuu mwenyewe, halafu hukusikia ulichoandika. Mama yake anaipangia safari saa. Unadhani saa hiyo anaitoa wapi? Jina ulilompa ni la Kitamili, basi waulize jirani zako Watamili kama hawana saa mbaya ya kila siku ambayo hawaanzi jambo. Thamarai amekulia chini ya kalenda ukutani kama wewe. Amekusifia kichwa kilichotulia kwa sababu na yeye nyumbani kwao kunamtia haya. Miaka yote hiyo mmeketi dawati moja, mmefichana kitu kile kile.

Sasa sikiliza. Futa Jumamosi. Tarehe kumi na tano usiende, na usinibishie. Hata kama mizuka haipo, Ah Ma yupo. Likizo ina siku nyingine.

Leo hii, usingoje siku ya safari ukiwa umeshavaa viatu, keti na Ah Ma anapokunja karatasi zake za dhahabu za kuchoma, nawe ukunje. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hulegea. Mwambie, "Nilikudanganya." Ukishasema hilo funga mdomo, usiweke "lakini". Akimaliza kukugombeza, usimuulize uende au usiende, maana swali hilo lina jibu moja na unalijua. Muulize hivi: mtu kama wewe akitaka kwenda, anakwendaje? Wazee wetu walikata kuni katika misitu hiyo mwaka mzima, mwezi wa saba ukiwemo, kwa sababu wali hauivi kwa hofu. Walijua namna ya kupiga hodi. Mwache akufundishe.

Akikataa kabisa, hutakwenda, na utamwambia Thamarai sababu ya kweli, uso kwa uso, bila kusingizia mafua. Akikucheka, mwache acheke, atamaliza. Daraja litakuwepo mwakani. Ah Ma na huyo rafiki siwezi kukuahidi.

Na ukienda, beba koti la mvua. Hilo hukuliandika.

*

Mwandishi wa barua ya kwanza ametuandikia tena:

Shangazi Geok, nilifanya hivi.

Jioni ya siku niliyosoma jibu lako nilikunja karatasi na Ah Ma hadi rundo likajaa kapu, ndipo nikasema. Hakunigombeza. Alikunja nyingine, akaibonyeza kwa kidole gumba, akasema, "Nilikuwa najua. Tangu lini unaamka mapema kwa ajili ya maktaba?" Nikamuuliza, mtu kama mimi akitaka kwenda, anakwendaje? Alikunja karatasi nyingine mbili, akazipanga juu ya rundo. Mwishowe akasema, "Kumi na tano, hapana. Siku nyingine si mimi wa kukuruhusu. Kamuulize mama yako."

Asubuhi iliyofuata tulikwenda hekaluni. Kule tunauliza kwa kurusha vipande viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mwandamo. Kimoja kikilalia tumbo, yaani upande wake bapa, na kingine kikielekeza tumbo juu, ni ndiyo. Vyote viwili vikielekeza tumbo chini, ni hapana. Vikielekeza tumbo juu vyote, maana yake mungu anacheka, na hujajibiwa. Nilipiga magoti, nikauliza kama naruhusiwa kwenda msituni Alhamisi. Alicheka. Nikauliza tena. Akacheka tena, na watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakaanza kukohoa.

"Unauliza kama uko kwenye mtihani," Ah Ma akaninong'oneza. "Mwambie unakwenda na nani, na kwa nini."

Nikamwambia. Sitaandika hapa nilichosema, ila kilikuwa kirefu na nililia kidogo. Nikarusha, kimoja kikalala, kingine kikaelekea juu. Najua hesabu ya jambo hilo, Shangazi, najua kwamba nusu ya mirusho hutoka hivyo. Bado niliinama mara tatu kabla ya kuinuka.

Thamarai, ambaye nilikuwa nimeshamtumia ujumbe kwamba tumehamia Alhamisi, nilimwambia ukweli kwenye ngazi za jengo lao. Nilimwambia kuhusu mama yangu wa hekaluni na nikamwonyesha uzi. Alicheka, kama ulivyosema, akacheka hadi akakaa chini, kisha akaniambia kwamba mama yake amemkataza kuanza safari yoyote Alhamisi baada ya saa saba na nusu mchana, na kwamba alikuwa amejiandaa kunidanganya kuwa alasiri ana miadi ya daktari wa meno, ili twende mapema.

Tulikwenda asubuhi. Irfan alifundishwa na bibi yake kuomba ruhusa kwa mizimu ya msitu, kwa hiyo tulipofika kwenye miti ya kwanza alisema kwa sauti ndogo, "Babu, wajukuu tunapita," na hakuna aliyemdhihaki. Ah Ma alikuwa amenionya tusiitane majina huko ndani, mizuka isiyasikie, basi tukaitana Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina. Darajani nilitangulia mimi. Lilitikisika. Vilele vilikuwa chini ya miguu yangu, na upepo ulipopita nilisikia kitu kama mtu anaita kwa nyuma. Huenda alikuwa ndege. Sikugeuka, na sijui kama sikugeuka kwa sababu ya Ah Ma au kwa sababu ya woga. Upande wa pili Thamarai alinikumbatia, tukakaa hivyo hadi watu wakatuomba njia.

Nilirudi nyumbani kabla ya ngurumo. Ah Ma alikuwa ameweka ndoo ya maji yenye majani ya balungi, ya kuogea ili kuondoa mikosi, mlangoni, na yeye amekaa kando yake kwenye kigoda. Alinitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Oga kwanza," akasema. "Kisha njoo uniambie kulikuwaje huko juu."

Nikaoga, kisha nikaketi jikoni nikamwambia yote, pamoja na ile sauti.