Ndiva Niliyoichimba Peke Yangu

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Nimerudi kutoka Moshi kwenye semina ya wakurugenzi. Nilikaa mbele, na mkufunzi aliniangalia mimi kuliko wote. Kasema siku hizi mabosi wakubwa wanaandika wenyewe kwenye mtandao, kitu kinaitwa blogu — mteja asikie sauti ya mwenye kampuni, siyo ya tangazo. Nikamwambia mimi naongea na wateja tangu blogu haijazaliwa. Ukumbi ulicheka. Kwa heshima.

Kampuni ya unga wa tangawizi hapa Mamba, milimani Upare, ina mkurugenzi mmoja, ndiye mimi. Doris, mtoto wa dada yangu, ataandika. Mimi nitasema.

Jumanne, 3 Septemba

Doris anachosha. Kila nikisema jambo: "Mjomba, hii ni kweli?" Niliishia darasa la sita lakini sihojiwi na mtoto. Mwisho kaandika. Nimewaeleza wateja habari ya ndiva yetu, lile bwawa la udongo linalokusanya maji ya mlimani usiku, asubuhi tukamwagilia. Nimesema mwaka wa ukame niliichimba peke yangu, jembe moja, na chui akakaa ukingoni akingoja, akaona haya kunywa kabla sijamaliza.

Chumvi kidogo. Nani anapenda chakula cha mgonjwa?

Alhamisi, 5 Septemba

Komenti kama mvua. Naisula, mwenye migahawa ya chai kule Arusha, mteja wetu mkubwa kuliko wote, kaandika: "Mkurugenzi, nimekusikia kama tumekaa meza moja. Jumatano nakuja kuiona hiyo ndiva, nichukue na video."

Nimemwonyesha mke wangu Jenoveva. Kasoma, kanirudishia simu, kaendelea kuchambua maharage. Vipi? Kasema, "Baba yangu alivunjika vidole wakichimba ndiva ile."

Mimi naongea biashara, yeye vidole.

Jumamosi, 7 Septemba

Balaa. Ukingo wa ndiva umepasuka, maji yote yameshuka korongoni. Tangawizi ya kijiji kizima imebaki na jua. Shamba la jirani yetu Priska, mjane, ndilo la juu kabisa. Litatangulia kufa.

Dawa ni msaragambo. Pembe inalia jioni, asubuhi kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, hakuna mshahara. Barabara hii tulilima hivyo. Nikaenda dukani kwa mzee Fanueli, mpiga pembe. Shikamoo yangu kaipokea vizuri. Halafu:

"Pembe ya nini, mwanangu? Rogers ametusomea yale ya mtandaoni. Wewe huhitaji watu. Labda tukutafutie yule chui."

Duka zima likacheka. Nikawaeleza ile ni lugha ya biashara. Rogers, huyu wa bodaboda, akasema hata yeye anaijua, ndiyo anayotumia kuwaambia abiria mafuta yamepanda.

Watu hawa hawaelewi masoko. Hata kidogo.

Jumatatu, 9 Septemba

Doris anataka tufute. Mkurugenzi hafuti. Nimemwambia aongeze tu, "nikisaidiwa kiasi." Kagoma kuandika "kiasi." Tumebishana mpaka chaji ikaisha.

Kwa Priska majani yameanza kugeuka njano. Nilipopita hakunisema vibaya. Kasema tu, "Karibu, shemeji," akaendelea kumwagilia kwa kopo. Kopo! Ekari nzima ile.

Jumanne, 10 Septemba

Jioni hii pembe imelia. Fanueli kapuliza mwenyewe, mara tatu, mpaka mlima wa pili ukaitika. Nilijua tu. Mpare hagombani na maji. Kesho asubuhi ukingo utasimama, Naisula atafika, atakuta kazi safi. Nimemwambia Jenoveva anipigie pasi shati jeupe. Kasema kwenye msaragambo watu wanakuja na jembe.

Jumatano, 11 Septemba

Wamekuja wote. Kila nyumba, kila jembe. Wakakaa kwenye mteremko kama wako kanisani.

"Shikamoo, Mkurugenzi," Rogers kasema. "Tumekuja kujifunza."

Jenoveva alikuwa kati yao. Kainuka, kanipa jembe, karudi kukaa.

Nikachimba. Na shati jeupe. Udongo niliouweka kulia ukashuka kushoto. Mawe ya msingi yale hayanyanyuliwi na mtu mmoja, yanataka wanne — hata mimi siwezi, na ujanani nilibeba mashine ya kusaga kutoka Same mpaka huku bila kupumzika. Viganja vimetoka malengelenge. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Gari la Naisula likafika. Kanisalimu vizuri, kanirekodi, kisha kageuza simu kuelekea mteremkoni.

"Na hawa wote ni nani, Mkurugenzi?"

Wote wakanigeukia mimi. Hata Rogers.

Nikasema nina simu ya haraka, nikaingia migombani. Naandika hapa, juu ya goti. Simu yenyewe iko mkononi kwa Doris na kila mtu anaiona.

Fanueli amepakata pembe yake. Nilipompita kasema polepole, "Neno moja tu la kweli, mwanangu. Majembe haya hapa."

Neno ninalo. Niliwahi kuhutubia mnadani mpaka ng'ombe wakaacha kula. Neno moja siyo kitu.

Namwona Priska. Kasimama peke yake karibu na ukingo, anasukuma jiwe kwa mguu, halisogei.

Doris anaita. "Mjomba, mgeni bado anarekodi."

Naja. Nasafisha koo kwanza —